IMO kwenye banda la nguruwe: miaka miwili nimeitumia, harufu imeisha kweli, ila kuna mambo muuzaji hakuniambia

Naandika hii kwa sababu kila wiki lazima mtu anisimamishe hapa Busia aniulize, Mama Wandera hiyo dawa ya IMO ya kuua harufu ya nguruwe inafanya kazi ama ni pesa ya bure, na nikianza kumjibu pale barabarani tunamaliza nusu saa na bado sijafika katikati. Sasa nimekaa niandike yote, mazuri na mabaya, vile nimeona kwa macho yangu.

Mimi nafuga upande wa Uganda, nje kidogo ya mji, kiwanja changu ni robo eka tu na nyumba iko humo humo. Nilianza na majike wawili, mmoja wa aina ya Camborough, hawa chotara wa kisasa, na mwingine mchanganyiko wa Large White na hawa weusi wetu wa kienyeji, saa hii niko na majike wanne na wale wa kunenepesha wanakuwa kati ya 10 na 15 ikitegemea msimu. Dume sina, nitaeleza mbele.

Zamani banda lilikuwa la simenti. Simenti ni nzuri kama maji unayo, mimi maji nilikuwa nanunua. Jerikeni 6 kila siku za kuosha tu, shilingi 300 kila moja, piga hesabu hapo ni 1,800 kwa siku, mwezi unaisha umemwaga 54,000 kwenye mavi. Na hata ukiosha, yale maji machafu yanaenda wapi? Yanaenda kwa jirani. Jirani yangu ni Hajji, mtu mpole sana, tumekaa naye miaka 11 bila neno. Siku moja jioni baada ya swala ya alasiri akaja akasimama kwa geti, hakuingia, akaniambia, "Mama Wandera, mimi na wewe hatujawahi kukosana, lakini hiyo harufu sasa inanifuata mpaka kwenye maji ya kutawadha." Jamani nilitamani ardhi inimeze. Hakupiga kelele, na hapo ndio iliniuma zaidi. Wiki iliyofuata mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, naye akaja, akanipa miezi miwili, ama harufu iishe ama nguruwe waondoke.

Hapo ndio nikasikia IMO. Kwa wasiojua, IMO ni kifupi cha Kiingereza, indigenous micro-organisms, yaani vijidudu vya asili, vile vinavyokaa kwenye udongo wa msituni chini ya majani yaliyooza. Asili yake ni Korea, kuna mzee wa huko anaitwa Cho Han Kyu ndiye aliyeeneza huo ufugaji wa asili, alafu ukasambaa dunia nzima mpaka ukafika kwetu Uganda na ukashika sana, nenda Mukono, nenda Masaka, utakuta watu wanaongea IMO kama vile wanaongea matoke. Unachimba shimo, unajaza maranda ama pumba za mpunga na udongo kidogo na chumvi kidogo, unanyunyizia ile dawa, nguruwe wanakaa juu yake. Mavi na mkojo vinaingia kwenye matandiko, vile vijidudu vinavila, harufu inakufa. Huoshi. Ndio maelezo yenyewe, na kwa hapo mimi ni shahidi.

Aliyeniuzia simtaji, sitaki vita na mtu. Alikuja na pikipiki, jerikeni moja la lita 20 kwa 120,000, na 50,000 ingine ya kunifundisha. Vijana wawili wakachimba shimo la sentimita 90 kwenda chini, kila chumba mita 3 kwa 4. Maranda nilipata kwa mafundi mbao, wakati ule walikuwa wanatoa bure, siku hizi watu wa kuku wameharibu soko na gunia ni 2,000. Pumba za mpunga nilibebewa na lori kutoka upande wa Butaleja, kule Doho kwenye skimu ya mpunga, na hizo ndizo napenda zaidi kwa sababu hazishikani haraka na hewa inapita. Angalizo moja kubwa: uliza fundi kama ile mbao imepakwa dawa ya mchwa. Nguruwe anafukua na anatafuna kila kitu, ukimlaza kwenye maranda ya mbao yenye dawa umempa sumu kwa mkono wako mwenyewe.

Harufu. Siku tano za kwanza sikuona tofauti nikaanza kulia pesa yangu. Siku ya nane ama ya tisa nilitoka asubuhi nikapita nyuma ya banda na nikafika mpaka kwenye ndizi kabla sijakumbuka kwamba nimepita banda. Nikarudi. Nikainama nikaweka pua juu ya ukuta kabisa. Kulikuwa na harufu kama ya msitu mvua ikinyesha, udongo udongo hivi, na nguruwe kidogo. Ile kali inayochoma macho haikuwepo. Nzi nao wakapungua, hawakuisha lakini walipungua sana. Mwenyekiti wa LC1 alipokuja baada ya ile miezi miwili alizunguka banda mara mbili akaniuliza, "Umewauza?" Nikamwambia chungulia. Akachungulia, wamelala.

Na mwaka jana mwezi wa kumi na mbili Hajji alikuwa anamwozesha binti yake, nikah ilikuwa pale pale kwake, hema limesimama hatua kama hamsini kutoka bandani kwangu, na lile jua la mwezi wa kumi na mbili. Sikulala. Jana yake jioni niligeuza matandiko yote, nikaongeza magunia manne ya maranda makavu, nikanyunyiza tena. Siku yenyewe wageni walikaa kuanzia saa nne mpaka jioni, pilau ikaliwa, hakuna aliyeshika pua. Hajji mwenyewe kesho yake alinipigia simu akasema ahsante, basi, neno moja tu, na mimi nilijua anaongelea nini. Kwa hiyo mtu akiniambia IMO ni uongo simkubalii, kwa harufu na kwa maji inanipa kila nilichoahidiwa.

Sasa tuingie kwenye yale mengine.

Kwanza shimo. Hapa kwetu sehemu nyingi ukichimba mita moja unakutana na maji, hasa ukiwa karibu na bonde kama mimi. Muuzaji alijua, aliona ule udongo mweusi unaonata, akanyamaza. Mvua za mwezi wa tatu zilianza vizuri, ilipofika mwezi wa nne maji hayakutoka juu, paa langu liko sawa, yalipanda kutoka chini. Niliingia asubuhi nikakanyaga matandiko mguu ukazama mpaka karibu na goti na maji meusi yakaja juu. Vile vijidudu vinataka hewa, vikizama vinakufa na wale wanaobaki ni wa kuozesha, harufu ikarudi mbaya kuliko ya simenti. Vitoto sita vilivyokuwa vimeachishwa juzi juzi vilianza kukohoa kwa ubaridi, viwili vikafa. Tulitoa matandiko yote kwa ndoo, siku tatu, mimi na Wandera na shemeji yangu.

Sasa mimi sichimbi tena. Nimejenga juu: marram imeshindiliwa chini, tofali kozi chache kuzunguka, matandiko yanakaa juu ya ardhi kina cha sentimita 60 hivi. Mvua mbili zimepita na yako makavu. Kama uko sehemu ya mlima yenye udongo unaopitisha maji chimba tu, lakini kama jirani yako anapanda mayuni (magimbi) ama mpunga basi usithubutu kuchimba.

Kujua kama matandiko yako sawa ni rahisi na hakuna aliyenifundisha, nimejifunza mwenyewe. Ingiza mkono ndani shika konzi moja, kamua kwa nguvu alafu fungua kiganja. Maji yakichuruzika kati ya vidole ni mabichi, ongeza makavu. Yakimwagika kama vumbi ni makavu sana, nguruwe watakohoa, nyunyiza. Yakibaki bonge ambalo ukiligusa na kidole linavunjika, hapo ndipo penyewe. Na kona wanayonyea, kwa sababu nguruwe huchagua kona yake, lazima uigeuze na foku jembe mara mbili kwa wiki, usipogeuza inakuwa kama lami. Wanaosema IMO haina kazi hawajawahi kushika hilo jembe. Kingine, maji ya kuchanganyia dawa yasiwe ya bomba moja kwa moja, yale yana klorini ya kuua vijidudu na wewe unataka vijidudu viishi, yaache wazi yalale usiku mmoja ama tumia ya mvua.

Joto nalo. Matandiko yanachacha, ukiingiza mkono mpaka kwenye kiwiko unahisi moto kabisa, na nguruwe hana jasho la kumpoza kama sisi. Usiku wa mvua wanafurahia, lakini mwezi wa kwanza na wa pili mchana wanahema mdomo wazi, wanarundikana kwenye maji. Dawa yake nilifanya theluthi moja ya chumba iwe simenti, pale wanakula na pale wanalala wakisikia joto, na paa nikaliinua. Kama mtu anakuchorea banda la IMO bila sehemu ya simenti, mwambie arudie kuchora.

Kuzalia vilevile, jike asizalie katikati ya matandiko. Yule Camborough wangu nilimhesabia vizuri, miezi mitatu wiki tatu na siku tatu, akazaa 11, na usiku ule ule akalalia watatu, kwa sababu vitoto vinajichimbia kwenye maranda vikitafuta joto na mama hawaoni wala hawasikii. Niliwatoa asubuhi bado wana uvuguvugu. Tangu hapo wanazalia kwenye ile simenti na nyasi kavu kidogo, na nimepigilia mti pembeni ya ukuta, kimo cha shibiri moja kutoka chini, mama akijibwaga vitoto vinapata pa kukimbilia. Tangu hapo nimepoteza mmoja tu. Sindano ya madini ya chuma siku ya tatu naendelea kuchoma kama kawaida, ati muuzaji alisema vitoto vitakula udongo vipate chuma, mimi sijaribu bahati na vitoto.

Haya, minyoo. Hapa ndio nimekasirika na hasira yangu haijaisha.

Aliniambia, na aliwaambia watu wengi, mbele yangu, kwamba ukiwa na IMO husumbuki tena na dawa ya minyoo, vile vijidudu vizuri vinaua mayai yote. Nikamwamini. Miezi saba sikupiga dawa. Niliona hawa wanene wangu wanakula vizuri lakini mgongo hauji, nywele zimesimama, na kikohozi kidogo kisichoisha. Nikasema ni vumbi. Nikamuuza mmoja kwa mchinjaji, mimi nilimtegemea kilo 90, mzani ukasema 68. Nikakaa pale nione anachinjwa, sijui kwa nini nilikaa. Mchinjaji akatoa maini akayageuza kwenye mwanga, akanionyesha bila kusema. Yalikuwa na madoa meupe kila mahali kama mtu amerushia matone ya maziwa. Akayaweka pembeni akasema haya siuzi. Alafu utumbo, sitaki kueleza, minyoo mirefu kama kalamu imejisokota.

Daktari wa mifugo alinieleza nikashika kichwa. Yale madoa ni njia ya minyoo wachanga wakipita kwenye ini, kutoka hapo wanaenda mapafuni, ndio kile kikohozi, alafu wanarudi tumboni. Mnyoo jike mmoja anataga mamia ya maelfu ya mayai kwa siku, na yale mayai yana ganda gumu yanakaa miaka kwenye uchafu. Kwenye simenti ukiosha unapunguza. Kwenye matandiko huoshi, nguruwe anafukua na pua yake siku nzima pale pale anaponyea, kwa hiyo ukifuga kwa IMO unatakiwa uwe mkali zaidi na minyoo kuliko mtu wa simenti! Kinyume kabisa na nilichoambiwa. Saa hii napiga dawa kila miezi mitatu, majike siku chache kabla ya kuhamia pa kuzalia, na nasoma kile kikaratasi kwa siku za kusubiri kabla ya kuchinja, ivermectin ninayotumia inasema 28. Kilo zimerudi. Maini ya huyu wa mwisho mchinjaji alinifungia kwenye jani la ndizi nikaja kula nyumbani.

Chakula pia walisema utapunguza nusu. Mimi naandika kila kitu kwenye daftari na nawaambia, haikupungua nusu wala robo. Nguruwe anatafunatafuna matandiko ndio, lakini maranda hayajengi nyama. Bado nanunua pumba za mahindi, soya, mukene (dagaa) kutoka Majanji kule ziwani, na majani ya viazi nakata mwenyewe. (Mukene nunua unaona, mwaga kwenye karai la maji, mchanga utazama. Kuna siku gunia langu lilikuwa na mchanga kilo sita, na mchanga huo nimeulipia bei ya samaki.)

Na la mwisho ambalo naomba mlichukue kwa uzito, homa ya nguruwe. Ile ya Afrika. Haina tiba, na chanjo ya kwenda kununua dukani hapa kwetu haipo, ikiingia bandani inafagia karibu wote. Ilipita kijiji cha pili mwaka jana, masikio yanakuwa mekundu kama yamepigwa, wanarundikana kona moja, wanakataa chakula, na ndani ya wiki mtu aliyekuwa na 20 anabaki na banda tupu na deni la pumba. Ofisi ya mifugo ya wilaya wakaweka karantini, hakuna nguruwe kutoka wala kuingia. Na katikati ya hayo kuna watu walikuwa wanazunguka wanauza IMO ati inakinga homa. Hiyo ni dhambi. Kirusi hakijali matandiko yako yananukia nini. Kinaingia na gumboot za mchinjaji aliyetoka kwa mwingine, kinaingia na makombo ya nyama ya hotelini, kinaingia na dume la kukodi linalozunguka kutoka banda hadi banda, na ndio sababu mimi dume sifugi wala sikodi, nalipia mbegu ya kupandikiza inaletwa kwenye chupa.

Wangu haikuwagusa, na watu wakaanza kusema ni IMO. Siyo. Nilifunga geti. Niliweka karai la maji na Jik, ile dawa ya klorini ya kufulia, pale mlangoni, nikawa na viatu vya bandani ambavyo havitoki bandani, mchinjaji akija namletea nguruwe barabarani, haingii, hata kama ni shemeji haingii. Tena fikiria hili: simenti ikipata homa unaosha na Jik, unaacha banda tupu wiki kadhaa alafu unaanza upya, lakini matandiko huwezi kuyapiga Jik yakabaki na vijidudu, na huwezi kuyaosha. Inabidi utoe yote uchome na kuzika. Kwa upande wa homa, IMO inakuongezea mzigo.

Mbolea nisisahau. Baada ya mwaka matandiko yanakuwa meusi, yanavunjika kama keki. Nayarundika chini ya turubai miezi kadhaa kwanza, sipeleki moja kwa moja kwenye mboga za kuliwa mbichi, alafu naweka kwenye ndizi na mahindi. Ndizi zangu saa hii mkungu mmoja Wandera anashindwa kuubeba peke yake. Na nauza, gunia 10,000, wenye sukuma wiki wanakuja wenyewe na baiskeli.

Bei ya dawa yenyewe, 120,000 kwa jerikeni, sasa hivi silipi. Natengeneza. Unapika wali uwe mgumu mgumu, unaweka kwenye kisanduku cha mbao usijaze, unafunika na karatasi na majani, unaenda kufukia kidogo chini ya mti mkubwa kwenye yale majani yaliyooza, siku nne tano unafukua. Ukiota ukungu mweupe kama pamba umepata, ukiwa mweusi au kijani mwingi tupa urudie. Unachanganya na sukari guru kwa uzito sawa, unaacha wiki moja, hiyo ndiyo mama yake, kutoka hapo unazalisha na pumba. Mara ya kwanza niliharibu, kisanduku kilipata mvua, mara ya pili ilikubali. Gharama ni mchele kilo moja na sukari. Ukinunua siyo kosa kama unaharakishwa na LC1 kama nilivyokuwa mimi, lakini muuzaji aje aone udongo wako kwanza, achimbe tundu moja akae asubiri kama maji yanaingia, na akianza kukwambia habari za minyoo na homa mrudishie jerikeni lake.

Harufu naipa tano kwa tano, maji tano, mbolea tano, kazi tatu kwa sababu ya lile jembe, chakula moja, minyoo na magonjwa sifuri. Naendelea nayo. Mwezi wa nane naongeza chumba cha tatu, cha juu ya ardhi, tofali zimeshafika na maranda nimeanza kukusanya, yako magunia 14 chini ya mwembe.